Mtungi wa Kupeleka Baharini

Safari yetu ya kisiwani tuliipanga kwa muda mrefu kuliko tulivyoisafiri. Jioni baada ya jioni, nyumbani kwetu juu kidogo ya Mbumbuni, tuliegemea ukuta ambao bado ulikuwa na joto la mchana, mimi, baba na mama, tukiongea juu ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefika. Mpaka leo nikifumba macho sijui vizuri ni kipi nilichokiona kule na ni kipi tulichojitungia pale uani.

Wazo lilianza na macho ya baba. Alikuwa na presha ya macho, na daktari aliniambia bila kuzungusha maneno kwamba mwanga ukipotea haurudi, na kwamba huo uliobaki huenda usifike mavuno. Tayari baba alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nilimuuliza kuna kitu gani anataka kukiona, nikidhani atasema Nairobi. Akasema, "Bahari." Maisha yake yote malori yameshuka Mombasa kwa ile barabara kubwa, na yeye akiyatazama tu yakipita.

Mimi ni mtu wa haraka. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimepata kwenye simu mabanda ya mbao, kwenye kisiwa kidogo kusini mwa Mombasa, na nikaweka nafasi mwanzo wa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Ni mwalimu, wakati mwingine ningeutoa wapi?

Picha za kwenye simu zilikuwa ndogo mno kwa baba, kwa hivyo nilimsimulia. Nikianza kukimbiza maneno, maana ndivyo nilivyo, alinishika mkono. "Sema polepole," alisema. "Nataka kuona."

Basi nikasema polepole. Banda limesimama juu ya miguu. Paa ni la makuti. Ngazi fupi inashuka mpaka kwenye mchanga mweupe, na mchanga unaingia majini bila kusimama. Baba alisikiliza, kisha akapiga goti kofi.

"Kumbe ni ghala! Ai, watu wa pwani wanalipisha watu kulala ghalani!"

Tulicheka mpaka mbwa akaamka. Na kweli ghala letu lilikuwa pale pale mbele yetu, limesimama juu ya miguu yake, tupu, kwa sababu misimu miwili mvua ilikuwa imetudanganya. Baada ya hapo kila jioni nilikuwa siangalii ghala tena, naangalia banda. Jua likishuka, vumbi la uani lilikuwa linang'aa kidogo, na baba alinyoosha mguu taratibu kulielekea, kama mtu anayejaribu maji.

Lakini aliyeota zaidi yetu wote alikuwa mama, mwaitu kwa Kikamba chetu. Yeye ni mzaliwa wa upande wa Tulia, Kitui, na utotoni mwake maji yalikuwa kitu cha kufukua. Unachimba mchanga wa mto mkavu mpaka kiunoni, unangoja, yanajaa kikombe, unateka, unangoja tena, na nyuma yako kuna foleni.

"Hayo maji ya huko," aliniuliza, "nani anayalinda?"

"Hakuna mtu, mwaitu."

"Na foleni?"

"Hakuna."

"Nataka nisimame tu hapo," alisema. "Niyaone yakimwagika bila mtu kulia."

Nilipomwambia ni ya chumvi alishtuka. "Ati chumvi? Yote?" Kesho yake akaanza kusugua mtungi mkubwa wa plastiki kwa mchanga, wa kubebea maji ya kunywa. Nikampigia mwenye mabanda, nikaweka simu kwa sauti. "Maji yapo, mama, msijisumbue," akasema yule mtu kwa Kiswahili chake kitamu. "Na samaki mwala?" Baba alifurahi, akasema anaongea kama redio. Mwaitu akasema mtu anayeongea vizuri hivyo lazima ana shida ya maji, na kuhusu samaki, yeye hawezi kula kitu kinachomwangalia. Akafunga muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, wa kutosha harusi. Jumapili alisimama kanisani kuomba maombi, na waumini wakatuombea kama watu wanaoenda kuvuka Bahari ya Shamu. Kofia ya baba niliinunua Mukuyuni siku ya soko, pana kama sinia. Aliivaa hata akila.

Kulikuwa na jambo moja tuliloliogopa bila kulitaja. Kwetu watu hupanda kabla ya mvua, mbegu ikaingojea kwenye vumbi. Lakini misimu ile miwili mbegu ya mwaitu ilikuwa imengoja mpaka ikaliwa na mchwa, na mara hii aliapa hapandi mpaka udongo ulowe. Mbegu iliyobaki, mahindi na ndengu, ilikuwa kwenye debe chini ya kitanda chake. Mvua ikianguka, ingebidi kupanda papo hapo. Nilimwomba Mungu mvua kama kila mtu, halafu chinichini nikamwomba aicheleweshe kidogo.

Asubuhi ya safari gari la jirani lilikuwa uani, mtungi umefungwa nyuma kwa kamba, baba ameketi mbele na kofia yake. Ndipo ikaja ile harufu. Kisha bati likaanza, tone moja moja, halafu yote pamoja. Jirani aliruka nje ya gari akacheza kama kijana. Mimi nililia kwa hasira. Mvua tuliyoililia misimu miwili, na mimi naichukia!

Mwaitu alikuwa ameshafunga leso kiunoni, debe mkononi. Baba akafungua mlango wa gari, akavua viatu. "Bahari haina pa kwenda," alisema.

"Na macho yako je?" nilipiga kelele.

Baba alikuwa tayari anaitafuta njia ya shambani kwa miguu mitupu, akajikwaa kwenye kisiki alichokikata yeye mwenyewe.

Mwaitu alikiona kile kisiki. Akaweka debe chini.

"Rudi kwa gari," alimwambia.

"Tupande kwanza."

"Nimesema rudi! Mahindi yakikataa mwaka huu nitapanda mwaka ujao. Haya macho nitayapanda wapi?"

Akamvalisha viatu mwenyewe, na matope yake, akimkemea kama mtoto. Hakukuwa na wa kumsaidia shambani. Kikundi chao cha mwethya husaidiana kulima mwaka mzima, lakini siku ya mvua ya kwanza kila mwanamke yuko kwake. Nikamuuliza, na wewe je, mwaitu? Akageuza uso.

"Mimi maji yangu si haya yamekuja? Nendeni, barabara itateleza."

Siku iliyofuata baba aliketi kwenye ngazi ya banda, mtungi wetu kando ya mguu wake, maana alikataa kunywa maji mengine. Bahari ilikuwa imejaa kwenye lile tundu lake lote la ufunguo. Alitazama bila kupepesa mpaka nikaogopa. Kisha akasema nimpigie mwaitu.

Mwaitu alipokea akihema. Alikuwa bado anapanda, na jembe lilikuwa linasikika.

"Tumefika, mama watoto," baba alisema. "Ni maji, ni maji tu, yanakuja yanarudi, hakuna mtu, halafu kuna rangi pale mbele, halafu..." Alikuwa anakimbiza maneno, yeye ambaye hakuwahi kukimbia.

Upande ule jembe lilinyamaza. Nikasikia mwaitu akitafuta mahali pa kukaa.

"Sema polepole," alisema. "Nataka kuona."