Zoezi Lililosahihishwa

Msahihishaji wa prufu alikuwa amestaafu miaka saba, ila kiwanda cha uchapaji kilikuwa hakijamtoka kichwani. Alisahihisha lebo za dawa, kadi za harusi, hata tangazo la msiba wa shemeji yake, tena mbele ya wafiwa. Majirani walimwita Kalamu Nyekundu, naye, kwa unyenyekevu wake wote, aliona ni cheo.

Mkewe alipopatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Mtaalamu wa viungo akawapa wiki sita za mazoezi ya nyumbani. Mkono ukianza kuamka, angeendelea naye. La sivyo, wazoee kuishi na mmoja. Mazoezi yenyewe yalikuwa kwenye kozi ya bure mtandaoni. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na alitaka kitu kimoja tu: ashike tena mkasi wake.

Binti yao akamfungulia baba kompyuta na kumwelekeza. Asichapishe ukurasa mzima, maana utakuja na menyu, matangazo na maoni ya watu wanaoshukuru kutoka kila pembe ya dunia. Achague somo la nne peke yake, aliweke kama PDF, akalichapishe dukani. Dakika tano, kazi imekwisha. Akaaga, akaenda kazini.

Dakika tano! Mtu aliyezeekea kwenye wino hapewi dakika tano. Somo alilichagua, tena vizuri, lakini kabla ya kulihifadhi alilinakili pembeni alipitie kidogo. Akashika kichwa. Mwandishi gani huyu? Baada ya kila zoezi, sentensi ileile: rudia mara ishirini, pumzika, rudia tena mara ishirini. Mazoezi mawili ya kwanza nayo yalijitokeza tena mwishoni, neno kwa neno, bila haya. Basi akafyeka. Kurasa tisa zikawa mbili, pambizo zimenyooka. Akazitia laminesheni ya plastiki na kuzibandika kando ya kitanda, kwa fahari ya mtu aliyeandika katiba.

Wiki sita mkewe alifuata karatasi. Alifungua vidole mara moja, akavifunga mara moja, akageuza kiganja mara moja. Kwa dakika tatu alikuwa amemaliza, na bwana mkubwa akimsifu kwa wepesi. Mkono ukaendelea kulala fofofo. Mama akaanza kuamini kuwa kosa ni lake, na siku moja akamwambia binti atafute mtu wa kuchukua cherehani.

Siku ya kurudi kliniki, mtaalamu aliupima mkono, akauliza wanafanya mazoezi kiasi gani kwa siku. Mzee akamkabidhi kazi yake, akisubiri pongezi. Mtaalamu akaisoma mara mbili, kisha akauliza kwa upole nani aliyeyapunguza haya. Akafungua ukurasa wenyewe kwenye simu na kumwekea mbele ya macho. Akawaambia kwamba wiki zilizokuwa bora zimeshapita, ingawa hakuwa tayari kusema basi.

Mzee akaanza kueleza habari za mtindo mzuri na ubaya wa marudio, sauti ikamwishia njiani. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa. Ndipo mkewe akasema.

"Mzee wangu, tangu unioe, nikisema jambo mara mbili unanikata. Nikazoea, nikawa nasema mara moja."

Akautazama mkono uliolala mapajani.

"Huu haukuzoea. Huu ulikuwa unataka kuambiwa mara ishirini."

Mzee akapiga magoti kwenye sakafu ya kliniki, na suruali yake iliyopigwa pasi, akauchukua mkono ule. Akavifungua vidole, akavifunga, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, wagonjwa wa foleni wakimchungulia mlangoni. Alipofika ishirini alipumzika kidogo, akaanza tena na moja.