Mama Akinyamaza, Mtoto Anasikia

Jafari aliingia katika depo ya Wivine, duka lake la jumla mjini Kisangani, akitaka betri ya lori. Wivine, ambaye hakuwahi kumwacha mteja atoke na kitu kabla hajajua kinaenda kufanya kazi gani, akamuuliza lori lake liko wapi.

"Sina lori, Mama. Betri iko ya mashine."

"Mashine gani inakula betri kubwa hivi?"

Basi Jafari akaeleza. Alikuwa mpimaji wa viwanja, mzaliwa wa familia za Waislamu wa zamani wa Kisangani, na kabla ya vita alipima barabara za magogo kwa kampuni moja ya mbao. Vita vilipofika, wakubwa walipanda ndege wakaacha mashine mbili za kupimia kwa satelaiti. Jafari alizificha ndani ya magunia ya mihogo, akazisukuma kwa baiskeli mpaka Banalia kwa dada yake Ramla, zikalala chini ya kitanda mpaka mizinga ilipotulia. Sasa amezirudisha, lakini betri hana, na kila akisimamisha antena askari wanamkamata kuwa ni mpelelezi.

Wivine alimsikiliza huku akipanga sabuni. Alikuwa Mnande wa Butembo aliyeanza maisha kwa kuuza vitunguu kwa bakuli, na masikio yake yalizoea kusikia faida ambayo msemaji mwenyewe hajaiona. Nyuma ya depo, bomu lilikuwa limevunja mawe ya mpaka kati yake na jirani yake Eddy. Tangu hapo Eddy anasema kichochoro ni chake, na ameshamwaga matofali ya kukifunga. Kichochoro kikifungwa mkokoteni haupiti, na depo isiyofikiwa na mkokoteni ni kaburi la magunia.

"Betri nitakupa," Wivine alisema. "Karatasi ya ruhusa ya antena nitaitafuta kwa komanda, maharage ya kambi yake yanatoka kwangu. Wewe utanipimia ile mpaka."

"Nitapima. Lakini mashine haina ndugu, Mama. Ikisema kichochoro iko ya Eddy, nitaandika ya Eddy."

"Nani amekuambia ninakununua? Ninakukodi tu."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Namba za zamani za kiwanja zilikuwepo ofisi ya ardhi. Kilichokosekana ni wa kuzirudisha chini, kwenye udongo. Mashine moja, ambayo Jafari na mwenzake Amuri waliiita mama, ilikaa Simi-Simi, uwanja wa zamani wa ndege, juu ya zege ambalo mahali pake panajulikana vizuri. Ya pili, mtoto, ilisimamishwa juu ya fimbo uani kwa Wivine. Satelaiti peke yake hudanganya kwa hatua kadhaa, na hatua kadhaa ndiyo kichochoro kizima. Mama, kwa kuwa anajua alipokaa, huuona uongo huo na kumwambia mtoto kwa redio, bila kukoma, ausahihishe vipi. Mtoto akimsikia mama na kutulia, kipimo kinaaminika. Asipomsikia, ni kubahatisha.

Siku ya kupima alifika bwana wa ofisi ya ardhi, Papa Dominique, mtu wa haraka. Alisema wazi kwamba kama mashine haisemi asubuhi ile, atawasikiliza mashahidi. Eddy alishawaleta wake, amewakalisha kwenye benchi na kuwanywesha chai.

Mtoto hakusikia. Taa yake ya redio iliwaka, ikafa, ikawaka tena, ikafa.

Jafari alishika jambo moja moja. Alifungua waya wa antena, akaupangusa, akaufunga tena. Akainua antena ipite mabati ya paa. Akahakikisha chaneli. Akamtuma mwenye toleka, teksi ya baiskeli, apige mbio mpaka Simi-Simi kwa Amuri aliyekaa na mama, na jibu likarudi juu ya baiskeli ileile: mama ana nguvu, taa inapepesa, anasema tu.

"Donc mama anasema," Jafari alijiambia, "lakini mutoto hasikii."

"Kama batoto ba siku hizi," Eddy akatupia kutoka benchini, na mashahidi wakacheka ndani ya vikombe. "Mama Wivine, hata mashine inajua kichochoro iko ya nani. Inaona haya kukuambia."

Wivine akamgeukia. "Eddy, ni wewe. Umelipa askari wa redio bazibe hewa. Papa Dominique, andika: huyu mutu amefunga hewa."

"Kama ningeweza kufunga hewa, ningeanza na kinywa yako."

Papa Dominique akachukua kofia yake mezani.

Katika chumba kilichofunguka uani kulikuwa na fonie, redio kubwa ambayo wafanyabiashara wa Kivu waliitumia kusema na kwao, maana simu hazikuwepo. Waya wake ulivuka uani kama kamba ya kuanikia, na foleni ilikuwa imejipanga tangu alfajiri. Sasa Colette, msichana aliyeiendesha, alitoa kichwa dirishani.

"Mama, Papa Paluku iko Butembo. Ndege inapakia."

Paluku alikuwa mume wa Wivine. Wivine akaingia, akauacha mlango wazi ili Eddy asitoke machoni. Kwenye fonie unabonyeza kitufe ndipo useme. Ukimaliza unasema "à toi" na kukiachia, naye mwenzako ajibu. Wivine alisema sana, kama kawaida yake, akaachia.

Jafari, aliyesimama mlangoni na fimbo yake, akaona taa ya mtoto imewaka. Paluku aliposema, ikatulia. Wivine alipobonyeza ajibu, ikafa. Alipoachia, ikafufuka. Jafari akangoja aone tena, maana mara moja huenda ni bahati. Kisha akamgeuzia Eddy mgongo, akainama kwenye sikio la Wivine.

"Mama, ni fonie. Iko karibu mno na nguvu yake ni mingi. Ukisema, inafunika sauti ya Simi-Simi. Ukinyamaza, mutoto anasikia."

Wivine akakitazama kitufe chini ya kidole chake. Aliyeziba hewa tangu alfajiri ni yeye na foleni yake.

"Ninyamaze mpaka wapi?"

"Mpaka nipige vigingi. Ukigusa katikati, tunaanza upya. Na yule papa ameshavaa kofia."

"Wivine," Paluku aliita, "chumvi ao sabuni? Rubani hangoji. À toi."

Wivine akaondoa kidole. Akaweka mikono yote mapajani, akamkazia macho Colette asiguse kitu. Foleni nzima ikasogea. Hakuna aliyewahi kumwona mwanamke huyu akiulizwa habari ya mali asijibu.

"Wivine? Umekasirika? À toi."

Mikono ya Wivine ikabaki mapajani.

"Ni ile mambo ya dada yangu? Bon, nilikosea. Nimesema nilikosea. À toi."

Mama mmoja katika foleni akajifunika uso kwa kitenge. Wivine akauma mdomo, kisha akasikia sauti ya mumewe ikichoka: rubani amepakia maharage ya mtu mwingine.

Nje, kigingi cha kwanza kiliingia ng'ambo ya kichochoro, kwenye matofali ya Eddy. Kichochoro kilikuwa cha Wivine. Kigingi cha pili kiliingia katikati ya jiko la Wivine.

"Kumbe mashine si mubaya," Eddy akasema, akiitazama nusu yake ya jiko.

Wivine alitoka akiwa mtulivu. "Papa Dominique, ile nilisema juu ya hewa, futa."

Hakueleza, na Jafari alikuwa ameinama akikunja waya.

Eddy alibeba matofali yake mwenyewe. Wivine alikaa bila chumvi mpaka ndege iliyofuata, na baadhi ya wateja waliokwenda kununua chumvi kwingine hawakurudi kamwe. Depo ikabaki hai. Paluku, aliyeomba msamaha bila kudaiwa, alimsamehe, na hakumwambia sababu ya kunyamaza kwake. Jafari alipata betri, karatasi ya antena, na kitu ambacho hakukitaja katika mapatano: foleni ya fonie ilikuwa imeona yote, na nusu yao walikuwa na mawe ya mpaka yaliyovunjika.

Wengi walimshukuru Jafari kwa vigingi. Wivine alimshukuru kwa ule mgongo aliomgeuzia Eddy. Fundi mwingine angetangaza uani kwamba aliyeziba hewa ni yeye. Jioni alimtumia lituma ya ndizi zilizopondwa na samaki, chakula kilichopikwa katika nusu ya jiko iliyobaki, na ujumbe kupitia Colette kwamba hii haimo katika hesabu ya betri. Colette alimwomba Wivine aurudie, akidhani amesikia vibaya, maana hakuwahi kumwona akitoa kitu bure.