Simbilisi wa mama, baridi ya Sumbawanga, na nilivyopata matandiko yasiyolowa

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, kata ya Milanzi.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono. Nilipokosea nitasema nilikosea, maana ndipo penye faida kwenu.

Mimi ni fundi wa redio na simu, umri umeshavuka hamsini. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Kila jaribio naliandika kwenye daftari, hata likishindwa.

Mwaka jana mama yangu mzazi alianguka kijijini akiwa peke yake, nyonga ikaumia. Nikamleta kwangu. Alikubali kwa sharti moja: aje na simbilisi wake wawili, dume na jike.

Kwa wasiomjua simbilisi, ni kama sungura mdogo asiye na masikio marefu wala mkia. Akisikia majani yanakatwa analia "wii wii" mpaka umpe. Wa mama hawaliwi. Jike ni mweusi mwenye shingo nyeupe, kama mtawa, kwa hiyo mama alimwita Sista.

Kijijini kwetu simbilisi wanaishi jikoni, bila banda. Wanalala pembeni ya mafiga kwenye majivu, kuni zinawaka asubuhi na jioni, na sakafu ya udongo inakunywa kila kitu.

Kwangu tunapikia gesi na sakafu ni saruji. Anayeijua baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, na ule upepo wake, anajua saruji inakuwaje alfajiri.

Nikatengeneza banda la mbao na wavu. Kwenye matandiko nikafuata alivyozoea mama: majivu, unene wa vidole viwili, juu yake gunia. Kisha nikalifunika banda zima kwa turubai ili upepo usipite.

Nilijiona nimemaliza kazi.

Mwezi wa tano Sista alizaa wawili. Siku ya tatu asubuhi mama akawakuta wote wamekufa, wamekakamaa. Alimgeuza Sista akanionyesha nyayo zake. Nyekundu, zimechubuka.

"Jikoni kwangu hawajawahi kufa hivi," alisema.

"Ni baridi, mama."

"Kijijini hakuna baridi? Sikiliza, baba. Dume yupo, huyu atashika mimba tena. Na hao wakifa, unirudishe nyumbani mimi na Sista. Nyumba yako imetukataa."

Wakuu, mama hatanii. Na kule nyumbani hana mtu. Mdogo wangu mmoja yuko Kasesya kwenye malori, mwingine Kirando kwenye dagaa. Kumrudisha ni kumrudisha akaanguke tena bila wa kumwinua.

Siku hiyo sikufungua duka. Nilitoa gunia nikaingiza mkono kwenye majivu. Yalikuwa yameloa mkojo, yamekuwa kama uji mzito, na baridi yake ilipita ya saruji. Nikayashikilia kidogo, vidole vikaanza kuwasha.

Ndipo nikakumbuka kwamba bibi zetu walitumia maji ya majivu kutengenezea sabuni. Kitu kinachong'oa mafuta kwenye nguo, kitashindwaje kuchubua ngozi ya mtoto wa simbilisi?

Kijijini moto unayakausha kila siku. Mimi nilihamisha majivu bila kuhamisha jiko.

Na lile turubai lilikuwa limefungia mvuke wa mkojo ndani. Nilipoinamisha kichwa bandani, macho yaliniuma.

Kwa hiyo swali langu lilibadilika. Nilikuwa nauliza kipi kina joto, nikaanza kuuliza kipi kinabaki kikavu.

Nilichukua mabeseni manne. La kwanza pumba za mpunga kutoka mashineni, la pili makapi ya maharage, la tatu mabua ya ngano niliyoyakatakata, la nne maranda ya mbao. Unene ulikuwa sawa kwa yote. Nikamwagia kila beseni kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, nikasubiri nusu saa, kisha nikalaza karatasi ya daftari juu na kuibonyeza kwa kiganja.

Pumba zilipitisha maji yote hadi chini, zina vumbi, na ncha zake zinachoma. Makapi ya maharage yalikunywa vizuri, ila siku ya tatu yakaota ukungu. Mabua ya ngano yana joto zuri, lakini hayanywi maji.

Karatasi ya kwenye maranda ilitoka kavu.

Tahadhari kidogo kuhusu magunia. La kwanza nililotandika juu ya majivu lilikuwa la dagaa. Nililifua mara mbili, bado paka wa mtaa mzima walikuja kukaa kikao mbele ya banda.

Basi nikaenda kwa fundi seremala wa jirani, kijana mcheshi.

"Shikamoo mzee. Maranda ya kuku?"

"Marahaba. Ya simbilisi. Nataka ya mbao isiyopakwa dawa, wala usinichanganyie vumbi la msumeno."

Akaweka randa chini. "Simbilisi anachaguliwa mbao? Mzee, mimi mwenyewe nalalia godoro limebaki kitambaa!"

"Wewe una miguu ya kuhamia. Yeye nimemfungia."

Alicheka, lakini alinichagulia vizuri. Vumbi la msumeno linaingia puani na machoni mwa wanyama hawa. Mbao ya dawa na vipande vya plaiwudi usiguse kabisa.

Maranda niliyaanika juani siku mbili mpaka harufu kali ya mbao ikapungua.

Chini ya banda niliweka maboksi yaliyokunjuliwa, yawatenganishe na saruji. Juu yake maranda, unene wa vidole vinne. Juu kabisa nyasi kavu nyingi, safi, zisizo na ukungu, ili wajichimbie ndani wenyewe. Nikaongeza kiboksi cha kulalia chenye mlango mmoja. Turubai likabaki upande wa upepo tu.

Kila asubuhi naondoa palipoloa, na kila siku ya nne nabadilisha yote. Nyayo za Sista zilipona kabla mwezi wa sita haujaisha.

Katikati ya mwezi wa saba, asubuhi ambayo nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa baridi, alizaa watatu.

Siku ya tatu niliamka mapema kuliko wote, nikamkuta mama ameshafika bandani na fimbo yake. Ameingiza mkono ndani ya nyasi, ametulia. Nikasogea karibu.

"Pakavu," akasema. "Na pana joto kama kwapani."

Wote watatu walikuwa hai, macho wazi, wanatafuna nyasi.

Nilichojifunza ni kwamba ukiiga njia ya wazee, uliza kwanza ilikuwa inategemezwa na nini. Na mnyama wa nchi ya baridi mpe pakavu kabla hujampa blanketi.

Wiki mbili baadaye shangazi alikuja kutoka kijijini kumjulia mama hali. Akamuuliza, "Wifi, sasa unarudi lini nyumbani?"

Mama alikuwa anasambaza maranda, hakuinua kichwa.

"Nirudi, huyu mzazi nimwachie nani? Mwanangu kupima anajua. Kulea bado namfundisha."

Nimetengeneza redio za watu miaka mingi, sifa kama hiyo sijapata.

Wakuu mnaofuga Makete, Njombe na Mbeya, ninyi mnatandika nini msimu wa baridi? Na kama kuna mwenye dawa isiyochubua ya kupunguza harufu, aandike hapa chini. Daftari liko wazi.