Waliolala Getini

Nakumbuka asubuhi moja ambapo mzee mmoja aliliamini neno langu "nimeelewa", na mimi sikuwa nimeelewa kitu. Mwanangu, nakuandikia haya nikiwa na hasira, sikufichi. Leo mwalimu wako ameniambia kwamba akiuliza darasa "Mmeelewa?" sauti ya kwanza ni yako: "Ndiyo, mwalimu!" Halafu daftari ni jeupe. Hiyo tabia najua umeitoa wapi. Umeitoa kwangu, ndiyo maana inaniuma.

Kabla hujazaliwa nilisoma biashara chuoni hapa Kisumu. Likizo ndefu ilipofika tukatafutiwa mahali pa kujifunzia kazi. Wenzangu walipelekwa benki, wengine bima. Mimi nikapewa barua ya kiwanda cha samaki, kule chini karibu na ziwa. Nilienda na viatu vya visigino na kalamu tatu. Kazi za meneja nilizijua zote kwa kichwa. Samaki nilimjua kwenye sufuria tu. Usicheke.

Msimamizi alikuwa Mzee Okumu, mtu wa viatu vya gambuti na haraka. Mashine zikinguruma, akanipigia kelele sikioni: "Msichana wa chuo! Leo wewe uko mgongo wazi. Waliolala, toa kando wote. Hata mmoja asipite geti. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

Nimeelewa nini? Nilijishika nyuma, nikidhani blauzi imefunguka. Ilikuwa imefungwa. Mzee alishaondoka, na mimi nikaona aibu kumkimbilia kuuliza neno ambalo hata mfagiaji alionekana kulijua. Nikaenda kwa askari wa geti, nikauliza kijanja.

"Mgongo wazi wako wapi?"

"Si hao hapo nje, madam. Wamejaa."

Nikachungulia. Akina mama tupu, wamepanga laini na makarai yao. Nikasema moyoni, kumbe hawa ndio wanaitwa mgongo wazi. Kwa nini, sikujua. Migongo yao ilikuwa imefunikwa kama ya mtu yeyote.

"Na waliolala?"

"Leo ni wengi. Hao wa mbele wote wamelala hapa hapa kwa katoni. Wametoka mbali."

Basi nikatoka, daftari mkononi, nikawatoa. Mmoja mmoja. "Wewe ulilala hapa? Toka kando." Mwanangu, niliona kabisa kwamba jambo hili halina akili. Aliyelala getini ndiye aliyetangulia; kwa nini afukuzwe? Niliona, na nikaendelea.

Wa kwanza kabisa alikuwa Mama Auma, wa Ahero. Alinishika mkono. "Nyathina, mtoto wangu, mafuriko yamebeba mpunga wetu wote. Hii ya kiwanda ndiyo nakaanga nauza, watoto wakule. Nikirudi na karai tupu nitawaambia nini?"

"Ni amri, mama," nikamwambia. Sikumwangalia usoni. Akaweka karai kichwani, akaondoka.

Wapagazi wakaja na toroli. Hapo ndipo nilipouona mgongo wazi kwa mara ya kwanza: mifupa ya mbuta, yule sangara wa ziwani, minofu imeshakatwa ikaenda kupakiwa, kumebaki kichwa, uti wa mgongo na mkia. Kumbe ni samaki! Nikachanganyikiwa zaidi. Sasa hawa akina mama niliowafukuza ni nini?

Sijamaliza kuwaza, kelele zikaanza. Mama mmoja alikuwa amenusa karai lake. "Hii imelala! Madam, unatupatia iliyolala!"

Nami, kwa ujinga wangu wote, nikajibu kwa sauti kubwa, "Waliolala nimeshawatoa!"

Walicheka, mwanangu. Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kutukana.

Mzee Okumu akatokea mbio. "Nilisema nini, nyako, msichana wewe? Samaki! Samaki wa jana, waliolala! Mtu kulala ni makosa? Wewe hulali?" Akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Nilikuuliza kama umeelewa. Ungesema hapana, ningerudia. Kurudia kungenichukua muda gani?"

Akaagiza mgongo wazi wa siku hiyo uletwe na waliofukuzwa warudishwe mbele. Wote walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara isipokuwa Mama Auma. Nikavua vile viatu, nikakimbia pekupeku. Nilimpata mbali, kwenye barabara ya kwenda Ahero, anatembea kwa miguu. Nilimweleza nikihema. Nilingoja matusi. Yeye akashusha karai, akanikabidhi.

"Beba basi."

Nikabeba kichwani, na sketi yangu ya ofisi, watu wakitazama. Njiani akaniuliza swali moja tu. "Ulipoambiwa utoe watu kwa sababu wamelala, hukushangaa?"

"Nilishangaa."

"Na bado ukanitoa."

Tukafika getini. Alijaziwa karai lake, mgongo wazi wa siku hiyo, akaenda zake bila kuniaga.

Kwa hiyo nisikilize, na usinitingishie kichwa. Usipoelewa, sema hujaelewa. Darasa zima likicheka, waache wacheke, kicheko kinaisha. Na hata ukidhani umeelewa, kama unachotumwa kufanya kinamwumiza mtu na moyo wako unauliza mbona, simama hapo hapo. Rudi, uliza, hata kama aliyekutuma ni mkubwa na ana haraka. Mimi nilijificha nyuma ya amri, na mama wa watu akatembea na karai tupu kwa ajili ya aibu yangu.

Kesho utaenda kwa mwalimu umwambie hujaelewa hesabu za kugawanya. Nitamuuliza.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, mwanangu, na akukutanishe na watu wenye subira ya kurudia. Ulale salama, na pale utakapolala, asitokee wa kukufukuza.