Mbwa wa Shangazi Minza

Juzi nilichemsha vichwa vya dagaa pamoja na ukoko wa ugali, jiko likiwa nje, na harufu ile nzito ilipopanda nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi nikicheka peke yangu. Binti yangu alikuwa ameleta mtoto wa mbwa kutoka Usagara. Aliyemuuzia alimwonya kwamba mbegu hiyo ni kali, mume wangu akadakia kwamba ukali ni wa mwenye mbwa, wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi niliwaacha nikaenda kuwasha jiko. Ubishi huo niliusikia utotoni, Mwanza hii hii, na kwangu uliamuliwa uani kwa Shangazi Minza.

Shangazi, dada yake baba, aliuza dagaa Kirumba. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuwahamisha kunguru. Nilipelekwa kwake mama alipofariki, kwa kuwa baba alikuwa mlevi, na akilewa alipiga. Nilifika nikiwa mtoto wa ngumi. Mtu akininyooshea mkono, hata wa salamu, nilikuwa nimeshampiga. Majirani hawakushangaa, maana baba walimjua. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," walisema nikisikia, nami niliamini. Nilichoogopa ni siku ambayo shangazi naye angeamini, akanirudisha.

Jirani yetu Mzee Kulwa alikuwa na mbwa mkubwa wa kizungu, mgongo mweusi, masikio yamesimama. Alimpa jina Mtanikoma, ili kila akimwita, majirani wapate salamu zao. Mtaani kwetu iliaminika kwamba mbwa hawi mlinzi mpaka akomazwe. Basi mchana alifungiwa kwenye banda la giza, ugali wake ukatiwa pilipili, na kila aliyepita aligonga mabati kwa fimbo ili azidi kupandwa na hasira. Jioni akifunguliwa, mtaa mzima uliingia ndani. Na watu wale wale waliogonga mabati walitikisa vichwa wakisema mbegu hiyo ndivyo ilivyo.

Mzee Kulwa alipohamia Geita alimwacha. Mwenyekiti wa mtaa akasema auawe. Shangazi akasema aletwe kwake.

Wanaume walimleta kwa kamba mbili, kila mmoja akivuta upande wake ili asimfikie mwenzake. Shangazi alimwita bwana mifugo akamchanja, kisha akamfunga kwa kamba ndefu kivulini. Kila siku alikaa karibu naye akichambua dagaa, amempa mgongo, akimsimulia habari za wateja wake wasumbufu. Jina alilikataa. "Jina gani hili la kugombana na watu?" Akamwita Mjomba. Wageni walioambiwa kwamba Mjomba bado hajala waliondoka wakijiuliza ni mjomba gani huyo asiyetoka kusalimia.

Kumlisha vichwa vya dagaa na ukoko wa ugali ikawa kazi yangu, na ilikuwa na masharti. Usimkimbilie. Usimpigie kelele. Weka sahani, kisha kaa chini mpaka amalize. Akipita nyuma yake shangazi alisema, "Mjomba, napita." Nami alinitendea hivyo hivyo, ingawa wakati ule sikuliona. Alikaa chini mpaka nimalize kula. Kabla ya kunigusa kichwa alisema, "Nakuja kukusuka, nimeshika kitana." Nilidhani ni mtu wa maneno mengi tu.

Asubuhi moja nilikuwa nafagia kivulini kwa Mjomba, nikanyanyua ufagio nitoe utando wa buibui ukutani. Aliruka. Alirarua mkono wa gauni langu, ngozi hakuigusa, lakini nilipiga yowe lililofika barabarani. Punde ua ukajaa watu wenye marungu, mwenyekiti mbele.

"Dada Minza, tulikwambia," alisema. "Mbegu ni mbegu. Huyu leo haponi."

Shangazi aliniambia, "Nashika mkono wako," ndipo akaushika, akaugeuza na kuukagua. Kisha akaniuliza mimi.

"Sema, mwanangu. Ilikuwaje?"

Sikumbuki kama kabla ya hapo mtu mzima alikuwa ameniuliza ilikuwaje.

"Nilinyanyua ufagio," nikasema. "Alidhani nataka kumpiga."

"Wewe umejuaje alichodhani mbwa?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa sababu na mimi hufanya hivyo."

Mwenyekiti aliutazama ufagio, akanitazama mimi, akateremsha rungu lake. "Mfunge vizuri basi," akamwambia shangazi, na wakatoka mmoja mmoja. Shangazi alichukua sindano na uzi akanishonea gauni. Neno lake lilikuwa moja tu: "Siku nyingine ukinyanyua ufagio, mwambie kwanza."

Mjomba aliishi mpaka akaota mvi mdomoni. Alinisindikiza shuleni mpaka kona ya mwisho na hakumng'ata mtu. Sitadanganya kwamba aliponywa kabisa. Akiona fimbo alitetemeka hadi uzeeni. Mimi pia, mtu akinyanyua mkono ghafla, bado moyo hunipasuka. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wahenga hao hao ndio waliosema habari ya nyoka. Sijui walikuwa wakimzungumzia nani.

Nilikuwa na watoto tayari tulipomzika baba, Misungwi. Shangazi alilia sana kaburini, na katika kilio chake akamtaja babu, fimbo zake, na jinsi walivyojificha pamoja nyuma ya ghala, yeye na kaka yake. Ndipo nilipoelewa. Miaka yote nilimwona yeye kama mtu aliyeumbwa kwa udongo mwingine, kumbe walitoka tumbo moja na kupigwa na mkono mmoja. Kama ukali ni mbegu, naye alikuwa nayo. Na bado hakuna siku hata moja aliyonigusa bila kuniambia kwanza. Ninamshukuru kwa hilo kuliko kwa chakula chake na kwa paa lake.

Chakula kilipopoa nikakipakua, nikamwita binti yangu uani. Tukaweka sahani mbele ya yule mtoto wa mbwa, tukakaa chini mpaka alipomaliza.