Uso Mweupe wa Feime

Vejdi alikuwa mpiga picha wa harusi, na katika kijiji kama chetu hiyo si kazi ya lelemama. Huku kwetu kwenye milima ya Rodopi bibi harusi hatoki nje hivi hivi. Wanawake humfungia chumbani tangu asubuhi, wakampaka uso mzima rangi nyeupe nzito, kisha wakamgandishia puleki moja moja mpaka mashavu na paji la uso viwe maua mekundu, ya buluu na ya kijani. Hutoka amefumba macho, na hayafumbui mpaka imamu amalize dua nyumbani kwa mume. Na harusi zenyewe tunazifanya wakati wa baridi, theluji imetanda ua mzima. Uso mweupe mbele ya theluji nyeupe: hapo ndipo wapiga picha wa mjini wanapoumbuka.

Kamera, Vejdi alipenda kusema, ni mtiifu lakini mjinga. Inaamini dunia nzima ina rangi ya majivu. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na bibi harusi wa watu anatoka kama aliyesiribwa saruji. Anayelijua hilo nusunusu hufungua tundu la lenzi kwa pupa, mwanga ukafurika, picha ikaungua. Uso unakuwa sahani tupu na puleki zote zimeyeyuka. Kati ya saruji na sahani pana njia nyembamba, na Vejdi aliipita kila wiki bila kuteleza. Alijivuna kwa hilo, tuseme ukweli. Akiona picha ya mwenzake ukutani kwa mtu aliichungulia kwa huruma, kama amekuja kumjulia hali mgonjwa.

Sasa ilikuwa zamu ya Feime, binti yake wa pekee.

"Tumwite mtu apige," alisema Kadrie, mkewe. "Siku hiyo wewe ni baba wa bibi harusi, si fundi."

"Nimwite nani? Yule aliyempiga binti wa dada yako akatoka kama marehemu?"

"Alitoka mzuri tu."

"Ndiyo. Marehemu mzuri."

Wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Mwanamume haingii chumba cha kupakia rangi, hata akiwa baba, kwa hiyo asingeweza kuupima uso wa binti yake kabla. Baba wa bibi harusi hafuati msafara kwenda kwa wakwe. Anabaki kwake akiulinda mlango. Na huko kwa wakwe uso huoshwa kwa maziwa, kazi ya asubuhi nzima ikaishia kwenye beseni. Vejdi angekuwa na kizingiti cha nyumba yake tu, dakika chache za kusimama hapo, basi. Picha ya Feime ingepatikana pale au isipatikane kabisa.

Ndiyo maana siku chache kabla ya harusi alimsimamisha Kadrie uani, akampaka unga wa ngano uso mzima, akaanza kumpima.

"Usicheke, unga unapukutika."

"Unga huu ulikuwa wa kuokea mkate wa jibini, wa banitsa."

"Geuka kushoto. Kasi hii ya kamera ni ndogo, mwanga unazidi. Subiri niongeze."

"Ongeza na kuni, nimeganda."

Bi Refie, jirani yao, alikuwa anapita nje ya uzio na ndoo yake. Akasimama.

"Kadrie, unaolewa tena?"

"Naolewa, shangazi. Huyu wa kwanza amenichosha."

Vejdi hakusikia. Alikuwa anachungulia kioo cha kamera, anatikisa kichwa, anazungusha gurudumu la kasi, anachungulia tena. Mwisho alitabasamu. Unga ulikuwa mweupe, nyusi zilikuwa nyusi, na theluji nyuma ilikuwa na alama za miguu ya kuku.

Siku yenyewe mawingu yaliamka mazito, na yeye akashukuru, kwa kuwa mwanga wa mawingu hautembeitembei. Alijipanga uani mapema, akapima theluji, akapima taulo jeupe alilotundika mlangoni. Mlango ukafunguliwa. Feime akatoka mpaka ukingoni mwa baraza, ameshikwa mkono na Rufat, mumewe, macho amefumba. Alikuwa mrembo kiasi kwamba Vejdi alisahau kupumua. Kisha akakumbuka kazi.

"Rufat, baba, sogea. Unamtilia kivuli."

Akapiga. Saruji. Akazungusha gurudumu, akapiga. Bado saruji kidogo. Wapiga ngoma walikuwa wamenyamaza kumsubiri yeye, na wageni wakipulizia viganja. Akapiga tena, akachungulia, akazungusha.

"Mama," Feime aliita bila kusogeza midomo, rangi isipasuke. "Baba yuko wapi?"

"Yuko hapo mbele yako, mwanangu."

"Simsikii. Nasikia kamera tu."

Vejdi alishusha kamera. Akamsogelea Kadrie, akamvisha mkanda shingoni.

"Nimeshaipanga. Usiguse gurudumu. Bonyeza tu."

Akapanda kibarazani, akasimama nyuma kidogo kwenye kivuli cha paa, akamshika binti yake mkono. Feime akavipapasa vidole vyake kimoja kimoja.

"Ni wewe," alisema.

Vejdi alikuwa ameandaa maneno ya kumuaga. Yote yakapotea.

"Angalia barafu hapo kwenye ngazi, usiteleze," ndiyo aliyoyaweza.

Hapo mawingu yakafunguka. Jua lilimwagika uani, likaruka juu ya theluji, likampiga Feime usoni puleki zote zikawaka. Vejdi alijua papo hapo. Kwa mwanga ule picha ilikuwa inaungua. Ilibidi kasi iongezwe sana, tena sasa hivi. Alifungua kinywa amwambie Kadrie. Lakini Kadrie hakujua gurudumu linazungushwa wapi, ingebidi aende mwenyewe, na Feime alikuwa amemshika kwa nguvu. Akafunga kinywa.

Kadrie alibonyeza mara moja, maana aliambiwa abonyeze. Rufat akamchukua mkewe, ngoma zikarindima, msafara ukapinda kona. Vejdi akabaki mlangoni.

"Imetoka?" Kadrie aliuliza.

Vejdi aliichukua kamera, akaitazama picha. "Nenda ndani, baridi," alisema.

Usiku mzima aligeukageuka kitandani. Mabibi harusi wa kijiji kizima amewatoa salama, wa kwake amemuunguza.

Kesho yake Feime alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, uso umeshaoshwa.

"Baba, picha yangu imetoka?"

Angeweza kudanganya mpaka Ijumaa, siku ambayo binti angekuja kuwasalimia. Hakudanganya.

"Imeungua, mwanangu. Jua lilitoka, sikuwahi. Uso wako ni mweupe tu, hakuna puleki hata moja. Nisamehe."

Feime akauliza:

"Na wewe unaonekana?"

Vejdi aliiangalia tena. Pale kivulini mwanga uliozidi ulikuwa umemfaa yeye: kila kunyanzi, masharubu yaliyolowa machozi, na jinsi alivyokuwa anamtazama.

"Mimi naonekana," alisema kwa aibu. "Naonekana vizuri sana."

"Basi hiyo ndiyo yangu," alisema Feime. "Mimi nilikuwa nimefumba macho, baba. Sikukuona."