Shamba Lililokwenda Hispania

Mtu wa ramani wa Lushoto hupuliza vidole kabla ya kugusa kompyuta, kama anayetaka kumenya kiazi cha moto, na huisemesha kwa Kishambaa cha kubembeleza. Siku ile Mwanaheri, mkulima wa Gare, alikaa karibu naye asubuhi nzima, kwa kuwa kesho yake mabwana misitu walikuwa wanapitisha mpaka mpya, na shamba lisiloonekana kwenye ramani lingehesabiwa msitu. Vipimo vilikuwemo kwenye kifaa cha mkononi walichozunguka nacho shambani. Ilibaki kuvigeuza viwe faili linalosomeka na kompyuta za ofisi ya misitu, kwa programu ndogo ambayo mtu wa ramani aliipakua kwenye intaneti. Alibonyeza, kisha akaficha mkono mgongoni kama aliyedokoa nyama.

"Shikamoo tena, mama," akasema polepole. "Shamba lako liko Hispania."

"Marahaba. Limefuata nini huko?"

"Ni mimi. Namba ya kusini nimeiweka mahali pa namba ya mashariki."

Akarekebisha mstari mmoja, akapuliza vidole, na pembe zote za shamba zikatua juu ya Gare, kando ya kijito. Mwanaheri akashusha pumzi.

"Bado la jirani yako, Hashimu. Nalo liko Hispania."

"Yule anayesogeza mpaka wangu kila masika? Mwache hukohuko mpaka nivune mahindi."

Mtu wa ramani alicheka mpaka akafuta machozi, lakini kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza, na shamba la Hashimu lilikuwa limeshafika nyumbani.